Kopo, Fungu na Gunia la Mama

Mwezi uliopita binti yangu alinitembelea hapa Dodoma, akaniletea pakiti ya dagaa. Ilikuwa ya nailoni inayoonyesha ndani, imefungwa kwa mashine, na juu yake pamebandikwa karatasi ya rangi yenye maneno "Dagaa wa Kigoma". Chini ya jina palikuwa na uzito wa gramu 250, tarehe ya kufungashwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, alama ya ubora, na jedwali dogo la protini, mafuta na madini ya chokaa. Nilivaa miwani nikaisoma yote, tangu juu hadi chini, nikaigeuza na kusoma upande wa pili, mpaka binti yangu akacheka. "Baba, hiyo siyo barua!"

Binti yangu anajua nusu tu ya sababu inayomfanya baba yake asome karatasi za vyakula kama mtu anayesoma hukumu yake. Nusu iliyobaki nitaieleza hapa, maana nimezeeka na sioni tena faida ya kuificha.

Nilizaliwa Kigoma, katika nyumba iliyoishi kwa dagaa. Baba alikuwa kibarua wa reli, lakini ada ya shule, sare, na hata bati la nyumba yetu vilitoka mwaloni Kibirizi, katika mikono ya mama. Wavuvi walitoka jioni katika zile siku za giza, mwezi usipoonekana, wakaning'iniza karabai mbele ya mitumbwi. Ukisimama mlimani usiku ungedhani kuna mji mwingine juu ya maji. Zamani za babu zetu taa zile hazikuwako. Walitumia mienge ya moto, na dagaa wakiufuata mwanga waliteswa kwa nyavu za mkono. Karabai zilienea katika miaka ya 1950, na tangu hapo samaki waliopatikana kwa usiku mmoja hawakuweza tena kuliwa na watu wa mwambao peke yao. Ilikuwa hapana budi wakaushwe, na wakikaushwa wasafiri.

Mama alinunua kwa beseni alfajiri, akaanika juu ya changarawe safi. Wako waliomwaga dagaa juu ya mchanga tu, kwani mchanga hauhitaji kutayarishwa, na zaidi ya hayo huingia katika gunia na kuongeza uzito. Mama hakupatana nao. "Anayeanika mchangani anamuuzia mwenzake ziwa zima," alikuwa akisema. Adhuhuri aliwageuza, alasiri aliwakusanya, na kabla ya kuwatia guniani alichukua mmoja mmoja na kumkunja kati ya vidole. Dagaa aliyekauka sawasawa huvunjika kwa mlio, naye hung'aa kama fedha. Akipinda bila kuvunjika, bado ana maji na ataota ukungu njiani. Akiwa na rangi ya kahawia na harufu inayokwaruza koo, mafuta yake yamekwisha kuharibika kwa hewa na jua. Mimi niliyajua hayo nikiwa na umri wa miaka 8, kabla sijajua kusoma vizuri. Mvua za masika zilipotukuta samaki wakiwa wameanikwa, nilimwona mama akisimama chini ya paa la jirani akiyatazama mapato ya wiki nzima yakigeuka tope.

Dagaa hao wana historia ndefu kuliko yetu. Richard Burton, yule msafiri Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1858, aliwataja miongoni mwa samaki wa ziwa hilo. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, iliwafungulia njia ya kilomita 1,250 hivi hadi Dar es Salaam, na katika kila stesheni waliachwa wachache: Tabora, Dodoma, Morogoro. Upande wa pili wa ziwa walipelekwa Katanga kwenye migodi ya shaba, na huko waliitwa ndagala. Wengine walihamishwa wakiwa hai. Mwaka 1959 Wabelgiji waliwachukua wa aina moja wakawatia katika Ziwa Kivu, ambako leo Wanyarwanda huwaita isambaza. Mwaka 1967 na 1968 aina hiyo hiyo ilipelekwa katika bwawa la Kariba, na huko wanaitwa kapenta. Samaki mmoja, urefu wake haufiki kidole, ana majina manne katika nchi tano au sita, na muda wote huo hakuwahi kuwa na karatasi yoyote iliyobandikwa juu yake.

Hata hivyo alikuwa na lebo, ila ilikuwa lebo ya mdomo. Ukienda sokoni Dodoma, au Kariakoo, ukauliza, utaambiwa, "Hawa ni wa Kigoma, mama, wa Kigoma kabisa!" Neno hilo ndilo lililouza. Mnunuzi alijua kwamba dagaa wa Kigoma ni wembamba, hawana mchanga mwingi, hawana uchungu, na wakipikwa kwa mawese hawavurugiki. Kwa hiyo kila fungu katika soko, liwe limetoka Kigoma, Mwanza au pwani, lilitoka Kigoma. Nami nadhani hapo ndipo wachuuzi walipowatangulia wenye viwanda: waliielewa nguvu ya jina kabla ya mtu yeyote kuwafundisha.

Sasa nije kwangu. Mwaka 1979 nilipangiwa kufundisha shule ya msingi huku Dodoma. Nilikuwa kijana, nimevaa suruali iliyopigwa pasi, naitwa Mwalimu na watu walionizidi umri. Na sikutaka kunuka dagaa. Msomaji anayetoka bara atanielewa. Dagaa ulikuwa chakula cha mwisho wa mwezi. Mgeni akibisha hodi, sufuria ilifunikwa na kusogezwa pembeni. Shuleni bweni tulikula dagaa na maharage mpaka tukaapa kwamba tukipata mishahara hatutavila tena. Mama aliendelea kunitumia vifurushi kwa wafanyakazi wa treni, nami niliendelea kumwandikia barua za shukrani.

Miaka ile ya mwanzo wa 1980 ilikuwa ya dhiki. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha, lakini maduka yalikuwa matupu. Sabuni ilipatikana kwa foleni, na sukari kwa kibali. Halafu mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa walizipataje. Muda si mrefu madirisha ya maduka yakajaa vitu ambavyo tulikuwa tumevisahau, na miongoni mwavyo makopo ya samaki. Yalikuwa mekundu, yamepangwa kama askari, na kila kopo lina picha ya samaki mnene aliyelala kando ya nyanya mbili. Mtu aliyenunua kopo lile hakulifunga katika gazeti. Alilibeba mkononi, lionekane.

Binti yangu alizaliwa mwaka 1985. Alipofikisha mwaka mmoja mama yake aliugua, maziwa yakapungua, mtoto akabaki na uji wa mahindi mtupu. Kadi ya kliniki ilikuwa na njia za rangi: kijani juu, kijivu katikati, nyekundu chini. Nilikuwa nikifundisha watoto wa watu kuchora grafu, na nyumbani kwangu nikawa natazama mstari wa mwanangu mwenyewe ukishuka kutoka kijani kuingia kijivu. Kliniki walisema mtoto anahitaji chakula cha kujenga mwili.

Wiki hiyo hiyo kifurushi cha mama kilikuwa kimefika. Kilikaa jikoni siku mbili. Siku ya tatu nikakifungua, nikawamwagia kuku. Kisha nikaenda dukani nikanunua makopo matatu ya samaki kwa fedha iliyokuwa itulishe karibu nusu mwezi.

Sitaki kulisingizia kopo. Samaki wa kopo ni chakula kizuri. Mfaransa Nicolas Appert ndiye aliyegundua kwamba chakula kikifungwa bila hewa kisha kikachemshwa hakiozi, akatunukiwa na serikali yake mwaka 1810. Alitumia chupa, na Waingereza wakaja na kopo la bati. Katika miaka ya 1820 huko Nantes walianza kutia sadini makoponi. Makopo ya kwanza yalifunguliwa kwa patasi na nyundo, maana kifunguzi kilikuja miongo kadhaa baadaye (mimi langu nililifungua kwa kisu cha jikoni na jiwe, kwa hiyo sikuwa mbali sana nao). Joto la kiwandani hulainisha mifupa ya samaki hata ikatafunika, na aliye naye hupata protini na madini ya chokaa kwa pamoja. Yote hayo yalikuwa kweli juu ya makopo yangu matatu. Lakini kopo linapofunguliwa, samaki wake ni samaki kama wengine.

Siku ya kwanza mtoto alikula vijiko vichache. Kwa kuwa kopo lilikuwa ghali, tulilifunika kwa sahani tukaliweka kabatini. Hatukuwa na friji, na ulikuwa mwezi wa Oktoba, joto la Dodoma. Tulimpa siku ya pili, na asubuhi ya siku ya tatu tulimpa mabaki. Usiku ule alianza kutapika na kuharisha. Kulipokucha macho yake yalikuwa yameingia ndani, na alipolia hayakutoka machozi.

Tulilazwa siku sita. Nilikuwa nimebeba kopo moja ambalo halijafunguliwa ndani ya kikapu, nikikusudia kumlisha humo wodini akipata nafuu. Muuguzi mmoja mtu mzima aliliona, akalichukua, akaligeuza. "Mwalimu, umesoma hapa?" Nikasema nimesoma. "Hapa chini?" Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza maneno yenye maana kwamba kopo likishafunguliwa samaki wahamishiwe katika chombo kingine, wawekwe mahali pa baridi, na waliwe mapema. Mimi ndiye niliyefundisha kusoma. Katika kopo lile nilikuwa nimesoma picha.

Hakunikemea. Angenikemea ningefarijika. Aliniuliza tu kwetu ni wapi, nami niliposema Kigoma akashangaa. "Kwenu Kigoma, na unanunua hili?" Ndipo akanieleza namna ya kufanya: dagaa waoshwe upesi, waanikwe tena, wakaangwe bila mafuta mpaka wavunjike, watwangwe na vichwa vyao, wachekechwe, na kijiko kimoja cha unga wake kitiwe katika kila bakuli la uji pamoja na mafuta kidogo.

Vichwa! Mke wangu, kama wanawake wengi wa mjini, alikuwa akichambua dagaa na kutupa vichwa na matumbo kwa kuwa vinachusha. Baadaye sana nilikuja kusoma kuhusu uchunguzi uliofanywa Bangladesh juu ya samaki wao wadogo waitwao mola, nao ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya vitamini A ya samaki huyo imo machoni na tumboni. Jua kali hupunguza vitamini hiyo, ni kweli, na ndiyo maana dagaa aliyekaushwa upesi akawekwa kivulini ni bora kuliko aliyesahauliwa juani siku nne. Lakini protini haipotei. Samaki mbichi robo tatu yake ni maji. Maji yakitoka, dagaa mkavu anabaki na protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, pamoja na chuma, zinki, na chokaa ya mifupa yake yote, maana yeye huliwa mzima. Minofu mizuri ya samaki mkubwa, iliyotolewa mifupa, ngozi na kichwa ili imvutie mnunuzi, haina chokaa ya kiasi hicho. Tunachokitupa ili chakula kipendeze, aghalabu ndicho tulichokifuata.

Niliporudi nyumbani kuku walikuwa wamemaliza kila kitu. Nikaenda sokoni. Muuzaji akaapa ni wa Kigoma. Nilipokunja mmoja akapinda. Nilipotia fungu lote katika maji, chini ya beseni pakabaki mchanga wa kujaza kiganja. Wakati huo ndipo nilipomwandikia mama barua ya kweli kuliko zote nilizowahi kumwandikia, ingawa haikuwa ya kweli yote. Nilimwambia mjukuu wake amepungua uzito na dagaa wamekwisha. Sikusema wamekwishaje.

Gunia lake lilikuja kwa treni iliyofuata, limeshonwa mdomoni kwa uzi wa buluu, na katika barua aliyoandikiwa na mtoto wa jirani mlikuwa na sentensi moja juu ya jambo hilo: uzi ukiwa wa rangi nyingine, gunia limefunguliwa njiani, nisimpe mtoto. Katika maisha yangu sijaona lebo iliyo bora zaidi. Ilisema bidhaa ni ya nani, imetoka wapi, imekusudiwa kwa nani, na wakati gani isiliwe. Mtoto alikula unga ule kila siku. Ilichukua miezi minne mstari wake kurudi katika kijani, na mwezi mmoja kati ya hiyo minne haukupanda kabisa, tukawa hatulali.

Tangu hapo nikawa mfuatiliaji wa mambo ya lebo, kwa kiasi cha kuwachosha wenzangu katika ofisi ya walimu. Nilijifunza kwamba Shirika la Viwango la Tanzania liliundwa mwaka 1975, na kwamba kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilipewa mamlaka yake mwaka 2003, ikahamishiwa Shirika la Viwango mwaka 2019. Nilijifunza kwamba dunia nzima ina tume ya kanuni za vyakula, iliyoundwa na FAO na WHO mwaka 1963, inayoitwa Codex Alimentarius, na kwamba tume hiyo ina kanuni nzima juu ya nani aruhusiwe kuitwa sadini.

Juu ya jina hilo nchi zilishtakiana. Sheria ya Ulaya ya mwaka 1989 ilisema samaki wa kopo anayeitwa sadini lazima awe wa aina moja tu, yule wa bahari za Ulaya. Peru, ambayo ina sadini wa Pasifiki, ikakataa. Kesi ilifika Shirika la Biashara la Dunia, na mwaka 2002 Peru ikashinda: kanuni ya kimataifa inatambua aina zaidi ya 20, mradi karatasi ya kopo ieleze samaki ni wa wapi au ni wa aina gani. Niliisoma habari hiyo mara mbili. Nchi kubwa zilikuwa zikibishana kama wachuuzi wa Kariakoo, wakili mbele ya wakili, kama fungu lile ni la Kigoma au si la Kigoma.

Na katika kuifuatilia nikakuta jambo lililonikalisha kitako. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, kwa hesabu ya wataalamu, ni wa ukoo mmoja na sadini. Dagaa wa Ziwa Victoria si wa ukoo huo; wao wako karibu zaidi na ningu. Jina la dagaa limewafunika wote kwa sababu ya umbo na sufuria. Lakini wale wa Kigoma, wale niliowamwagia kuku, walikuwa jamaa wa damu wa samaki niliyemnunua kwa mshahara wa nusu mwezi, mwenye picha na nyanya mbili.

Basi turudi kwenye pakiti ya binti yangu. Baada ya kuisoma niliikata, nikaimwaga katika ungo, nikaanza kuchambua. Wengi walikuwa wembamba, wa kwetu. Lakini kila baada ya vidole viwili nilikuta mmoja mpana kidogo, bapa, mwenye magamba yanayoonekana. Huyo si wa Tanganyika. Nilitenga mafungu mawili nikamwonyesha. Binti yangu, ambaye sasa ana watoto wawili, alitazama karatasi ile, akatazama ungo, akauliza kama wana madhara. Nikamwambia hawana; watoto wapewe wote, na vichwa. Wala simlaumu sana aliyefungasha. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi 3 ili samaki wapumzike, na jina likiendelea kudaiwa wakati samaki hawapo, mtu hujazia kwa anachopata. Ila kama ungo ungekuwa wa mama, fungu lile la pili lingerudi lilikotoka siku hiyo hiyo.

Mama alikuja kututembelea mara moja tu, mwaka 1991. Mtoto alikuwa na miaka 6, ana miguu mirefu, anakimbia na kuanguka na kuinuka. Jioni moja tulikaa uani, mama akawa anawarushia kuku makombo, nami nikashindwa kuvumilia nikamweleza yote: kifurushi, makopo, kabati, hospitali. Nilitazama chini nilipokuwa nikisema. Alinyamaza kwa muda, akakung'uta kanga yake.

"Wale kuku," akasema, "walitaga?"

Nikamwambia walitaga sana.